Najaribujaribu Tu

Kola aliyoishona binti kwa majaribio ilikaa kwenye shati kana kwamba imezaliwa nalo. Msimamizi wa kiwanda aliipindua, akavuta ncha zake, akakosa cha kulalamikia.

"Kwa hiyo kazi hii unaiweza?"

"Najaribujaribu tu, mama," binti akajibu, macho chini. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, aliyeshonea mtaa mzima bila hata siku moja kujiita fundi. Kwao, ukiulizwa hivyo unajishusha. Anayekuuliza ndiye anayekupandisha.

Msimamizi hakumpandisha. "Tunataka wanaoweza, si wanaojaribu. Anayefuata!"

Jioni wifi yake, mwenye sebule aliyolala tangu aingie nchi hii, alishika kiuno.

"Umejibu hivyo tena? Wewe Bibi Taratibu wewe, utatumaliza kwa adabu!"

"Kizuri chajiuza, wifi."

"Chajiuza kwenu, kinakojulikana. Huku nani akujuaye? Huku kisipojitembeza kinaozea kapuni. Na kaka yako kasema, mwezi huu ukiisha huna kazi, unarudi."

Usiku ule alisema na bomba la jikoni: mimi ni fundi. Maneno yalimbana kama nguo ya kuazima.

Kesho yake aliingia kwenye duka la ushonaji. Mwenye duka alimtazama juu ya miwani.

"Unajua kushona?"

"Mimi ni fundi hodari. Gauni, koti, suti, hakuna kinachonishinda."

Sauti ilimshtua mwenyewe. Mwenye duka alimgeukia mama mpiga pasi. "Umewasikia wageni hawa? Hata kiti hajakaribishwa, keshatushinda sote!"

Mpiga pasi akaangua kicheko. "Mwanangu, kajifunze unyenyekevu kwanza."

Unyenyekevu! Akijishusha, hawamwoni, akijiinua, wanamwona vibaya. Ni kimo gani basi walichomkatia, ambacho kila mtu hapa alikijua isipokuwa yeye? Machozi yalikuwa karibu, lakini hakuwa na pa kuyapeleka. Sebuleni kwa wifi yalikwisha zoeleka.

Dirishani palikuwa na cherehani isiyo na mtu. Alivuta kigoda, akaketi.

"We binti! Nani kakuruhusu?"

Aliokota kipande cha kitambaa sakafuni, akakikunja, akakilaza chini ya sindano. Mguu ukakanyaga, gurudumu likaitika.

Mwenye duka alikuja kwa hatua za hasira, mkono mbele. Mpiga pasi aliacha kucheka. Alisimamisha pasi isije ikaunguza, naye akasogea, akainama begani mwa binti kuutazama mshono.