Vidole Tulivyochovya Wino

Kijijini kwetu sisi Washuar, ndani ya msitu, kaka yangu Tsamaraint ndiye aliyesoma mjini akakijua Kihispania sawasawa, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Alipotuletea wageni wawili msimu wa mvua, tulimsikiliza yeye, si wao.

"Wanaleta daktari," alisema. "Boti itapanda mto kila mwezi. Chovyeni tu vidole kwenye wino, mpige alama hapa, wajue tuko wangapi."

Mama alicheka. "Kidole hiki kimechimba mihogo tangu sijaolewa, leo nacho kinaandika!" Akachovya wa kwanza. Nami nikachovya.

Boti haikuja. Yalikuja matingatinga ya kampuni ya mgodi, yakaanza kukata msitu kuelekea maporomoko ya maji, pale watu wetu wanapofunga kula na kuoga hadi roho Arutam awatokee, awape nguvu ya kuishi. Tulipoyazuia, msimamizi alitutolea karatasi, akatuachia nakala. Alama za vidole vyetu zilikuwa pale, zote.

Nilimkuta kaka kwa mama, anakunywa pombe ya mihogo.

"Isome," nilimwambia, nikimpa ile karatasi.

"Suanua, haya mambo marefu..."

"Isome kwa Kishuar. Mama anasikia."

Akaigeuza mara mbili. "Sisi wakazi tumekubali kuyaachia maporomoko... na msitu wote hadi ukingo wa mto."

"Daktari wamemtaja wapi?" mama aliuliza.

Kaka akaanza kuikunja karatasi.

"Nakuuliza wewe, baba."

"Hayumo, mama. Wangechukua tu, tukubali tukatae. Nikaona heri mmoja wetu apate kazi."

"Mmoja wetu!" nilisema. "Na huyo mmoja ukajichagua mwenyewe?"

Mama akainuka, akampokonya bakuli, akaimwaga pombe mlangoni. Kwetu hata adui akiingia hunyweshwa. Kaka alitoka akiwa ameinamisha kichwa.

Tulikwenda mjini kushtaki, siku mbili kwa mtumbwi. Karani aliniuliza swali moja tu: "Hii alama si ya kidole chako?"

"Ni yangu," nilisema. Ningesema nini?

Kesi ingalipo. Maji ya maporomoko yamejaa tope, na mjomba Chumpi aliyekwenda kufunga huko alirudi siku ya nne bila kuona kitu. Mama hamtaji mwanawe. Mimi humwona kwenye geti la mgodi, kavaa kofia ngumu ya njano. Hunisalimu kwa jina langu la utotoni, nami hupita, moyo unaniuma.