Kidomo cha Tarumbeta

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba safari hii si mimi. Historia yangu naijua. Najua meno ya bandia ya Babu yalikutwa kwenye bakuli la sukari, na suruali ya kiranja mkuu ilipanda mlingoti wa bendera huku shule nzima imesimama wima. Hayo nayapokea. Lakini kidomo cha tarumbeta, hapana.

Mambo yalianza likizo iliyopita, Shangazi alipoamua kwamba Babu hawezi tena kuishi peke yake. Bibi alishafariki. Mama yangu yuko nchi za watu, anatunza wazee wa wengine. Mimi huonekana likizo tu, kama mafua. Kwa hiyo nyumba ipangishwe na Babu ahamie kwa Shangazi, ghorofani, chumba kimoja na wajukuu zake wawili mapacha. Humo kulikuwa na nafasi ya kitanda na ya kutundika koti. Vitu vya vita vitafutiwe mnunuzi.

Vitu hivyo vilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Babu: kofia ya chuma, medali, chupa ya maji, na tarumbeta. Vitani Babu alikuwa mpiga tarumbeta. Ukimuuliza aliua wangapi, jibu lake lilikuwa moja.

"Mimi niliamsha watu. Baadaye wengine wakawa hawaamki."

Basi, hadithi imekwisha, unapewa chai.

Tarumbeta ndilo pekee lililokuwa bado kazini. Kila likizo, kabla jua halijajua linatoka upande gani, Babu alisimama mlangoni pangu na pajama lake la mistari akapuliza mpaka mbwa wa jirani wakatoa malalamiko. Kisha aliuliza neno moja tu: "Kitanda?" Nami nilitakiwa niwe nimesimama kando ya kitanda kilichotandikwa, nijibu: "Tayari." Nililalamika sana. Shuleni kengele, nyumbani tarumbeta, sijui raia wa kawaida wanalala wapi. Lakini tuseme ukweli, hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyejali kama nimeamka.

Mnunuzi alikuja na glavu nyeupe na miwani mbili, moja machoni, moja kwenye paji la uso. Nikambatiza Miwani Mbili papo hapo. Aliinua kofia ya chuma, akachungulia ndani.

"Bitana yake iko wapi?"

"Kuku walikuwa wanakunywea maji humo," Shangazi akasema.

Akaiweka chini taratibu. Akachukua medali. Ziling'aa kama vijiko vya harusini.

"Nani amezisafisha?"

"Mimi," Shangazi akasema, akijiweka sawa kupokea sifa. "Nimezisugua kwa jivu jana mchana kutwa."

Miwani Mbili alifumba macho kama mtu aliyepokea habari za msiba. "Mama, wanunuzi wangu wanalipia ule weusi."

Nilijiwekea akiba maneno hayo. Miaka yote hii naadhibiwa kwa weusi wa kola yangu, kumbe ni mali.

"Isitoshe," akaendelea, "hizi alipewa kila mtu."

"Kila aliyekuwepo siku ya kugawa," Babu akamrekebisha, akageukia dirisha.

Zamu ya tarumbeta ilipofika, Miwani Mbili alibadilisha miwani. Akapapasa pale lilipobonyea, akasoma namba ya kikosi, akafuata kwa kidole mnyororo mwembamba ulioshika kidomo cha kupulizia. Sauti yake ikashuka.

"Hiki kidomo ni chake tangu kiwandani. Mengi ninayoletewa yamepoteza vidomo. Hili ni zima kabisa." Alisema angerudi kesho kulichukua, na kisanduku kinacholifaa.

Jioni Babu aliniita nimsaidie kupanga sanduku langu la shule. Tuseme alipanga yeye, mimi nilisimama. Alikunja mashati kijeshi, kingo kwa kingo.

"Babu, tarumbeta tusiliuze," nikasema. "Mimi nitalitunza."

"Utalitunza wapi, mume mwenzangu? Bwenini?" Aliniita hivyo tangu Bibi akiwa hai, kwa kuwa sote wawili tulikuwa waume zake.

"Basi nenda nalo kwa Shangazi."

"Kule kuna jirani juu, chini, kushoto na kulia. Nikipuliza asubuhi, mchana niko kituo cha polisi." Alikunja soksi zangu moja ndani ya nyingine. "Liende. Nani ataamshwa?"

Nilitaka kumwambia mimi. Badala yake nikatania kwamba mbwa wa jirani watafanya sherehe. Hakucheka, nami nikajiona mjinga.

Asubuhi hakuna aliyenipigia tarumbeta. Niliamshwa na Shangazi, amesimama pale pale anaposimama Babu, ameshika tarumbeta huku mnyororo mdogo ukining'inia mtupu.

"Kiko wapi?"

"Nini?"

"Usinichezee. Mwenye tarumbeta yuko sebuleni na kisanduku chake."

Walipekua mifuko yangu, godoro, viatu. Sanduku la shule walilifunua, wakaona kila kitu kimekunjwa kijeshi, wakalifunga. Waliangalia na bakuli la sukari, kwa kumbukumbu ya meno.

"Apa," Shangazi akasema.

"Naapa sikuchukua, Shangazi."

"Hata ya meno uliapa."

Nikamtazama Babu. Alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya shati, polepole, kama haimhusu. Neno moja lingetosha. Hata kikohozi. Nimezoea kushtakiwa, lakini siku zote huwa ninafurahia angalau kosa lenyewe. Safari hii nilipewa adhabu tupu, na aliyeacha nipewe ni mtu pekee ambaye nilitaka aniamini.

"Bila kidomo," Miwani Mbili akasema kwa huzuni, "hili ni bomba lililopinda."

"Lichukue hivyo hivyo," Babu akasema.

Likaondoka pamoja na medali zilizooga. Kofia ya chuma ilirudi kwa kuku.

Mchana huo huo nilipelekwa stendi. Babu alinipa mkono kama wanaume wasiofahamiana. Sikumtania, naye hakuniita mume mwenzake. Njia nzima nilitunga hotuba za kujitetea, nyingine zikiwa na vifungu vya sheria, na abiria wa pembeni yangu alikuwa gunia la vitunguu.

Bwenini nilifungua sanduku. Nikavuta soksi ili nivae, ikawa nzito. Nikakunjua. Kidomo kikadondoka kitandani, cheusi kwa miaka yote ile, bila chembe ya jivu.

Nilikaa nacho mkononi mpaka kengele ya chakula ikalia na wenzangu wote wakatoka. Mimi, bingwa wa mizaha wa shule hii, nilikuwa nimechezewa na mzee wa pajama la mistari, tena mbele ya mashahidi. Nilijaribu kukipuliza. Kilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Hakuna mbwa aliyejibu.

Jumapili matroni huazima simu yake kwa wenye shida za kifamilia. Nikamwambia nina shida ya kifamilia. Shangazi alipokea, akakohoa kwa kunikumbusha makosa yangu, akampa Babu. Nikasikia katuni za mapacha, na mtu akiburuta kiti ghorofa ya juu yao. Sikumsalimia. Niliweka kidomo mdomoni nikapuliza kwenye simu.

Matroni akanitazama kwa jicho la kunipima homa.

"Kitanda?" Babu akauliza.

"Tayari," nikasema. Kilikuwa kama kiota cha kunguru.

"Vizuri."

Hakukata simu. Nikawaza asubuhi zake pale ghorofani, jinsi anavyoamka kabla ya wote na kukaa ukingoni mwa kitanda asiwaamshe watoto, bila kazi.

"Na wewe, Babu," nikasema. "Kitanda?"

Katuni ziliendelea kucheka.

"Tayari," akasema.