Ndagala Waliokataa Kukauka

Watu wa Minago, kijiji chetu cha ziwani, husema nina mdomo, na ni kweli, kwa hiyo nitajisema mwenyewe kabla hawajanisemea. Niliiba ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu ya kaburi la mume wangu.

Dismasi alizama mwaka jana na ziwa halikumrudisha. Padri Bernardo alisimama kwenye mawe ya mwisho wa ufuko, akanyunyiza maji ya baraka ziwani, akasema hapo ndipo kaburi lake. Tangu siku hiyo hakuna mvuvi aliyethubutu kutupa wavu pale. Ndagala wakajaa, wadogo kwa wakubwa.

Mwaka ulipotimia ilibidi tufanye kuganduka, yaani kuondoa matanga. Ndugu huja, hula, na mjane huruhusiwa kuendelea na maisha. Bila hivyo ningebaki mtu wa msiba. Lakini ziwa lilikuwa limefungwa miezi mitatu ili samaki wazae, na shemeji yangu Lukeba hakutaka kusikia.

"Shemeji, kama hakuna ndagala ku sahani, watu watasema haukumupenda."

Maneno hayo yaliniuma vibaya. Jumatano mchana, watu wakiwa kwenye mihogo, nilishuka kwenye mawe na chandarua, kitambaa kisichomwacha hata samaki aliyeanguliwa jana. Ndagala hawakukimbia. Walikuwa wametulia, vichwa vyote vimenielekea, kama waumini wanaosubiri Misa ianze. Nilivuta hivyo hivyo.

Niliwaanika uani. Jua la Julai hukausha ndagala kwa siku moja. Jioni walikuwa wabichi. Alhamisi walikuwa wabichi, na mashavu yao yalifunguka na kufungika, polepole, wote kwa pamoja. Hawakunuka. Nzi hawakutua. Kuku wangu, mlafi asiye na haya, alifika ukingoni mwa mkeka akarudi kinyumenyume. Ijumaa niliokota mmoja, mdogo kama njiti ya kiberiti, nikasikia moyo wake ukigonga kwenye kidole changu. Nilimwachia haraka. Niliogopa, nasema wazi.

Nikaenda kuungama.

"Padiri, ni samaki tu," nilimalizia, maana hata kitubioni mdomo haunitoki.

"Mungu alitazama samaki akaona ni vyema, na wewe ulikuwa bado haujaumbwa," alisema Padri Bernardo. "Pale nilibariki kaburi pamoja na vyote viko ndani. Malipizi yako ni haya: uwarudishe, na uwaombe musamaha kwa kinywa."

"Wageni watakula nini?"

"Maharage."

Nusura nimjibu. Nilisema murakoze, asante, nikaondoka.

Jumamosi ndugu walijaa uani. Mawese yalikuwa yakichemka sufuriani.

"Mafuta iko tayari, leta samaki," alisema Lukeba.

Niliwazoa ndagala kwenye beseni, nikapita katikati ya wageni, nikaelekea ufukoni. Lukeba alinifuata akipiga kelele. "Shemeji, unatuhaibisha!"

"Aibu ni yangu. Wewe kakoroge maharage."

Nikaingia majini hadi magotini, nikamwaga. Hawakuondoka. Walinizunguka miguu, vichwa vimenielekea. Wageni walikuwa wametufuata, wamejipanga nyuma yangu ufukoni. Mawimbi madogo yaliyokuwa yakipiga mawe yalikuwa yametulia, na sikujua yaliacha saa ngapi.

"Nisameheni," nilisema. "Nilichukua watoto wenu. Nilivua mahali pa kulala pa mume wangu."

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimetimiza malipizi, sasa walitaka nini tena? Niliwatazama, wakanitazama, na nikajua ni nani niliyekuwa bado nimemshikilia. Mwaka mzima nilikuwa nikimwekea Dismasi sahani. Nilikuwa nikiacha mlango bila komeo. Nilitaka karamu kubwa ili watu waseme nilimpenda, lakini kumuaga nilikuwa sijamuaga.

"Dismasi," nikasema, "nenda."

Waligeuka wote mara moja, wakaingia kwenye kina. Nilitaka wabaki. Nilitaka angalau mmoja abaki. Maji yakawa matupu kuzunguka miguu yangu, na hapo, mbele ya ndugu zake wote, nikalia kwa mara ya kwanza tangu azame.