Simba wa Halfo

Halfo, fundi wa kupamba sakafu kwa vijiwe, alikuwa hajamwona simba maishani mwake. Hata hivyo wazee wa kijiji chake cha Galilaya walimtaka aweke simba wawili katika sakafu ya sinagogi jipya, mbele ya sanduku la Torati. Kwa wiki tatu alipiga magoti akipanga vijiwe vyekundu na vya manjano, akimtumia mbwa wa jirani kama kielelezo.

Siku ya kufunguliwa sinagogi, watu waliingia, wakatazama chini, wakaangua kicheko.

"Jamani, huyu si paka wangu?" akasema Shapira, mjane aliyechangia ujenzi kwa mitungi sita ya mafuta ya zeituni.

Tanhumu, mkuu wa sinagogi, hakucheka. "Halfo, wang'oe hawa. Kijiji cha pili watatusema mpaka tukome!"

Halfo akainama. Akanyanyua nyundo yake.

"Weka chini hiyo!" Shapira akamkemea. "Nimecheka, sijasema wang'olewe. Mzee Tanhumu, simba mkali wa nini nyumbani mwa Mungu? Mimi nina mizigo yangu ya kutosha. Hawa wananikaribisha."

Wanawake wenzake wakaitikia kwa sauti moja. Tanhumu akawatazama simba tena, na midomo ikaanza kumcheza.

"Haya, wabaki. Lakini angalau wape meno!"

Alasiri hiyohiyo Halfo alibandua vijiwe vichache, akawapangia simba wote wawili safu nzima ya meno meupe. Sasa walionekana wanacheka.