Kabati la Wizara Kwenye Kona ya Ngazi

...na hata wakisema ni kosa la fundi, kosa lipi, vipimo alivileta mwenyewe huyo karani kwenye karatasi yenye muhuri, kabati la mbao ngumu, kipande kimoja, lisifunguke nyuma wala ubavuni, ili barua za wananchi zikishaingia zisichokonolewe, na Fundi alimwambia, bosi wangu, kitu cha kipande kimoja hakipindi kona, akajibiwa kwamba Wizara ya Mambo ya Nje nayo haipindi kona, haya sasa, haijapinda, imekwama hapa kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, kichwa cha kabati kimeng'ang'ania dari na kitako kimemkalia Fundi kifuani kama mgeni asiyejua kuaga, upande wa juu shemeji yake, mume wa dada, amelikumbatia kwa mikono miwili, haonekani, anasikika akihema tu, na juu zaidi karani ameegemea ukuta na faili lake kwapani, aliye juu mngoje chini, methali hiyo Fundi ameitumia miaka yote kuwachekesha wateja karakanani, hakuna aliyemwonya kwamba siku moja aliye juu atakuwa kabati.

"Msiliachie!" karani anasema. "Mtu wa matengenezo ameitwa, atakuja kung'oa hicho chuma cha ngazi." Tusiliachie, kwani tuna pa kuliachia, "Bosi, nikiliachia mtanibandua sakafuni kwa mwiko!" Fundi anapaza sauti, karani anacheka, chini mapokezi mtu anacheka, wanamjua, Fundi Vituko, akiingia jengo linachangamka, laiti wangejua kinachomlemea, na si uzito huo, uzito kaubeba tangu ana miaka kumi na minane, ni karatasi, iko hapa kati ya shati na kabati, kila akivuta pumzi pembe yake inamchoma, barua ya wazazi wa askari, wanaomba watoto warudishwe, majina kumi na tisa, saini kumi na tisa, mstari wa ishirini mtupu, kwa sababu Mwalimu, yule mama mstaafu mwenye watoto wawili jeshini, alimjia jana akamwambia wewe si unaingia mle asubuhi, saini, uwape mkononi, lakini kabla ya saa nane, maana saa nane waziri anapanda ndege kwenda kukubali vijana wetu wakae nchi jirani mwaka mwingine, mwaka mwingine, ee Mungu, na Fundi akasema nitasaini nikitulia, usiku hakutulia, asubuhi hakutulia, sasa ndiyo ametulia, hasogezi hata kidole, sijui ni saa tano au imeshagonga sita, saa iko mkononi na mkono uko chini ya kabati...

...kwa sababu mtoto alisema usiseme, Jumapili, simu inakatika inarudi, binti yake, dereva wa lori la jeshi, yule aliyekuwa akirudisha gari nyuma kwenye uchochoro wa karakana bila kugusa hata ndoo, akasema, "Baba, tulipofika huku watu walikuwa wanatoka barabarani kutupungia. Siku hizi wanafunga milango hata hatujawafikia." Kwa nini, mama? Upepo, "Mimi naendesha tu, Baba. Nyuma wanapakia wao. Siulizi." Na halafu, haraka haraka, "Nasikia wazazi mnaandika barua. Usiniandikie. Ukisema wewe huko, nitaulizwa mimi huku," naye baba mtu akajibu nini, baba mwenye busara, akajibu kwamba akiandika yeye watadhani ni kuku kapita na wino, mtoto akacheka, simu ikakatika katikati ya kicheko, basi hicho ndicho anacho, nusu ya kicheko, siku ya tano leo anakigeuza kichwani, anakipima, kilikuwa kicheko kweli au ndiyo kilikuwa kinaanza kitu kingine...

"Unajua, Fundi," karani anasema, kachoka kunyamaza, "hizi ngazi zinapandwa na barua, acha. Wananchi wenyewe wanaisema nchi yao mpaka majirani wanasikia. Nakuuliza, nchi si familia? Baba akikosea anasemwa mbele ya wageni?" "Anasemwa chumbani, bosi." "Ehee! Chumbani!" na chumba chenyewe ndicho hiki nimekibeba, mlango mmoja, nyuma hakifunguki, "Na hao wanaojiita marafiki zetu nao juzi wametoa tamko, eti wana wasiwasi na jeshi letu. Wasiwasi! Kitanda usichokilalia, Fundi, utawajulia wapi kunguni wake?" baba, hapana, asimletee baba sasa hivi, baba na ule msumeno wake wa umeme, ulikuwa umelegea, unacheza, karakana nzima ilikuwa inauona, mafundi watano watu wazima na Fundi mwenyewe tayari ana mke, waliuona wakanyamaza kwa adabu, akavuka barabara jirani mfua bati, akasema mzee mwenzangu huo msumeno utakuumiza, baba akamwambia kashughulike na bati zako, na nani alicheka kuliko wote, nani aliyeongezea kwamba siku hizi hata bati linatoa ushauri, watu wakashika mbavu, wiki haikuisha vidole viwili vya baba vikawa kwenye vumbi la mbao, na ajabu ni kwamba baba hakumsamehe yule mfua bati mpaka anaingia kaburini, kosa la mtu kusema kweli, ila aliyecheka akapendwa, aliyecheka ndiye aliyerithishwa karakana, karakana hiyohiyo, tenda hizihizi...

"Huyu mtu mbona hafiki? Nikamwangalie," karani anasema, na viatu vyake vinapanda, kwa, kwa, kwa, vinapotelea ghorofani. Sasa wamebaki wawili na mbao katikati yao. Shemeji hasemi, miezi minane hasemi, tangu jeshi livuke mpaka kuingia kwao, maana huko ndiko kwao, mama yake yuko huko, kwenye barabara ileile ya malori, na siku jeshi linaondoka alisimama na wenzake akapiga makofi, alipewa kibendera akakipepea, na kila taarifa ya habari ikianza anazima redio kama mtu anayefukuza nzi, na Fundi, Fundi Vituko, mbele ya wateja, akamwambia shemeji yangu nyinyi bila sisi mngekuwa mnalala juu ya miti saa hizi, ha, karakana ikalipuka, shemeji naye akacheka, akainama akaendelea kuranda mbao aliyokuwa nayo, akairanda, akairanda, watu wakaondoka bado anairanda, mpaka ikawa nyembamba kama ulimi, ikabidi itupwe, na Fundi akamgombeza kwa mbao...

"Shemeji." Sauti inapita ndani ya kabati, inatoka upande huu ikiwa nzito, kama kabati lenyewe limesema. "Naam." "Hiyo karatasi. Dada yako ameniambia." "Nimebeba kabati, bwana." "Naona." Pumzi. "Mimi nikiiandika, nitaitwa mgeni anayetukana waliompa mke. Wewe ukiiandika ni mwenye nyumba." "Mtoto kakataa, shemeji! Amesema ataulizwa yeye!" na hapo Fundi anajisikia sauti imepanda, imekuwa ya mtu mwingine, ya kuomba, niruhusu, mtu mmoja aniruhusu ninyamaze, hata wewe, wewe hasa, "Ataulizwa, ndiyo," shemeji anasema, na hamfariji, hamwambii haitakuwa hivyo, "Mama alikuwa wa kwanza kutoka kuwapungia. Na fimbo yake. Alidhani mwanao atakuwa kwenye lori la mbele." Chuma kinalia, kabati linashuka upana wa kidole, wanalidaka. "Siku hizi anafunga mlango. Nimemwambia afunge. Mama ana mlango wa kufunga, shemeji. Yule mtoto ana nini?"

...ana nini, ana usukani, ana nyuma ya lori asikokutazama, ana baba mwenye vichekesho, na yeye alidhani anamfunika, siku tano amejiambia kimya changu ni blanketi lake, kumbe ni mlango mwingine uliofungwa, wa kwao, wa nyumbani, mtoto anapita mbele ya milango hiyo huko na mlango wa huku nao, halafu mwaka mwingine, atasema Baba nilikukataza, atakata simu, hatapiga tena, kama baba na mfua bati, mpaka kaburini, naye itambidi aishi hivyo, akichukiwa na mtoto aliye mzima, mwenye vidole vyote, Mungu wangu, afadhali hivyo, au si afadhali, na kama wakimwadhibu, kama kweli wakimpeleka mstari wa mbele, hajui, hajui, hakuna atakayemwambia, jasho limeingia jichoni na hana mkono wa kulifuta, wala wa kutoa barua, wala wa kushika kalamu...

Viatu vinarudi. "Jamani, huyo mtu kaenda kunywa chai. Vumilieni kidogo." "Bosi," Fundi anasema. "Barua za wananchi lazima zipokelewe kwa mkono?" "Kwa mkono, utaratibu ndio huo." "Na mtu akiwa hana mkono?" Karani anacheka, tayari anageuka kumwita mwenzake wa ghorofani, njoo, njoo umsikie Fundi, na chini mapokezi wamesogea kwenye ngazi, nyuso zimeinuliwa na meno yako nje, upande wa pili wa kabati shemeji ameacha hata kuhema, na Fundi anavuta pumzi, pembe ya karatasi inamchoma, "Sisi wazazi ishirini," anaanza, kwa sauti yake ileile kubwa ya kuchekeshea watu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hajui watu watacheka wapi.