Uso wa Munyoki

Tangu habari zije kwamba mgodi wa Wagasi umemfunika Munyoki, Kiema, kaka yake, hakutoa chozi. Si kwamba alijikaza, maana hata kujikaza kunataka nguvu. Alikuwa na ganzi tu. Aliamka nyumbani kwake Umoja, akanywa chai, akaenda Kariobangi kwenye kibanda cha wachongaji, akachonga vinyago hadi jua likazama, akarudi. Watu wa kanisa walipokuja kuomba naye alisema amina kila mahali pa amina. Mama yao, Nzembi, aliyeishi naye, alikuwa akimtazama mezani kama mtu anayetazama jiko lililokataa kuwaka.

Na Munyoki huko Wagasi alifuata nini? Yeye pia alikuwa mchongaji, tena hodari. Wageni walipopungua nchini, vinyago vikakaa kwenye rafu hadi buibui wakahamia, Munyoki akasema kazi ya kungoja mzungu ashuke kwenye ndege si kazi, ni kuomba kwa heshima. Akasikia kwamba huko Wagasi, kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Viktoria, watu wanachimba dhahabu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema akifunga begi, na Kiema akamjibu ainame taratibu.

Aliinama kweli. Mvua za masika zikanyesha, udongo ukashuka, na yeye na wenzake hawakutolewa. Mgodi ukafungwa, mdomo wake ukazibwa kwa mawe na saruji, miili ikiwa humo humo. Kisiwa kikabaki kujiuliza kitakula nini, na baada ya vikao na ugomvi kikaamua kitakula wageni: waje waone ndege wa majini, walale kwenye vijumba vya udongo, wapigiwe kasia kuzunguka ufuo. Kazi aliyoikimbia Munyoki ikamfuata hadi kisiwani, ikamkuta amekwisha kufukiwa. Dunia ina mizaha mibaya, nami simjui wa kumlaumu.

Aliyeleta kazi kibandani alikuwa Akech, mama wa makamo aliyewapikia wachimbaji wa Wagasi miaka yote, na sasa ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kupokea wageni. Aliwekewa kiti akakikataa.

"Hatutaki wageni wafike pale wapige picha ya ndege halafu waende," alimwambia Kiema. "Wale watu wetu bado wako hapo chini. Tunataka mtu wa mbao asimame kwa mdomo wa mgodi. Wazee wamesema awe Munyoki, juu ndugu yake ni fundi. Lakini mti usikatwe msituni. Tumeacha kutoboa kisiwa, hatuwezi anza tena kumaliza miti."

Kiema alikubali upesi, namna mtu anavyokubali kuongezewa chai. Aliyetikisika ni Nzembi, jioni, alipoambiwa. Aliweka mwiko chini.

"Siku ya kumsimamisha nitakuwepo," alisema. "Mimi sina kaburi la mwanangu, Kiema. Sikumwona amekufa, kwa hivyo kila mlango ukigongwa nadhani ni yeye. Nifanyie uso wake. Nikiuona pale nitajua nimemzika."

"Sawa, Mwaitu," Kiema alijibu, akimwita mama kwa Kikamba kama alivyomwita tangu utotoni.

Akapata mjakaranda ulioangushwa na upepo kule Mowlem, gogo nene lililokuwa limekauka vizuri. Akapigilia picha ya Munyoki ukutani kwa msumari, ile ya harusi ya binamu yao, Munyoki anacheka, uso wa mviringo, mashavu yamejaa, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Shingo haikuonekana. Munyoki hakuwa na shingo ya kutajwa, na wenzake walizoea kumuuliza tai ataifungia wapi siku akioa.

Sasa ni lazima mjue wachongaji wanavyofanya kazi, la sivyo mtamwona Kiema mpumbavu. Pale kibandani hakuna mtu anayechonga kinyago kizima. Mmoja huchonga miili, mwingine nyuso, wanawake hupiga msasa, mwingine hupaka rangi ya viatu ili mti wa kawaida ung'ae kama mpingo. Kiema alikuwa mtu wa nyuso, na uso wenyewe ulikuwa mmoja: morani. Shingo ndefu, mashavu yaliyobonyea, macho membamba yanayotazama mbali, masikio yaliyotobolewa yakaning'inia. Wageni wanampenda morani. Kiema, Mkamba wa watu, amemchonga morani huyo akipiga soga, akisikiliza mpira redioni, akisinzia baada ya chakula. Alisifiwa kwa hilo sokoni kote. Mazoea yana taabu, lakini nani anamwambia hivyo mtu anayesifiwa?

Siku za mwanzo aliitazama picha kila mara kabla ya kuinua tezo. Kisha mikono ikapata moto, nayo macho yakaona yanaweza kupumzika. Vibanzi vikaruka. Alifanya kazi bila huzuni na bila furaha, na wenzake, kwa kumhurumia, hawakumkaribia. Huruma yao ndiyo iliyomponza.

Aliyemkaribia hatimaye ni Ndete, mchonga miili, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Niaje, Kiema. Si ulisema unachonga brathe yako?"

"Ndiye huyu."

Ndete alikunywa chai yake yote kwanza. "Buda," alisema polepole, "huyo ni morani."

Kiema akarudi nyuma hatua chache, akatazama. Shingo ilikuwa ndefu. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Masikio yalikuwa na matundu ya kupitisha kidole. Ndugu yake, aliyekufa akichimba dhahabu na kofia ya chuma kichwani, alikuwa amesimama pale akitazama mbali kama wale wote waliouzwa kwa wageni.

Alijaribu kumwokoa. Akakata ndewe za masikio. Akapunguza shingo, akalegeza mdomo, akatafuta lile jicho dogo. Lakini udongo ndio huongezwa, mbao hupunguzwa tu, na mashavu ya Munyoki yalikuwa tayari sakafuni pamoja na vibanzi. Kila alipokata, kichwa kilizidi kuwa kidogo, na morani akazidi kukonda bila kuondoka.

"Chonga ingine," Ndete alisema. "Gogo tutatafuta."

"Mkono utamleta huyu huyu."

Hakusema lililobaki, ambalo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amefumba macho amtafute ndugu yake, akaja morani.

Akech alitarajiwa jioni hiyo na gari la kubebea. Lakini aliyetangulia, adhuhuri, alikuwa Nzembi, amekuja kwa miguu yake kutoka Umoja, kwa sababu alishindwa kungoja. Wachongaji walimwamkia mmoja mmoja, kisha wakaangalia kazi zao. Alisimama mbele ya yule mtu wa mbao. Alimtazama usoni kwa muda, akaitazama picha ukutani, akamtazama tena.

"Mwaitu, nimemkosa," Kiema alisema. "Nilimtafuta hata kichwani, sikumpata."

"Hata mimi siku hizi humkosa," Nzembi alisema. "Nikiwa napika, nikiwa naomba. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Kisha akasema, "Mlazeni."

Kiema na Ndete wakamlaza chali juu ya magunia. Nzembi akakunja leso yake, akapiga magoti, akaomba msasa. Katika ujana wake alikuwa akivipiga msasa vinyago vya mumewe, kwa hivyo hakuuliza asugue kuelekea upande gani. Alianza na kipaji cha uso, akashuka kwenye pua.

"Mwaitu, utaufuta wote."

"Namwosha," Nzembi alisema. "Hakuna aliyemwosha."

Mtu mmoja akazima redio. Nzembi akasugua macho membamba hadi yakaanza kutoweka, akapuliza vumbi, akapitisha kiganja kuona kama pamelainika, akaendelea. Mashavu, mdomo, kidevu. Alifanya hivyo polepole na kwa uangalifu, kama anayeogopa maji ya sabuni yasiingie machoni. Baadaye Kiema naye akachukua kipande cha msasa, akapiga magoti upande wa pili, akashika masikio.

Hapo ndipo Kiema alipolia. Alilia kwa sauti, mbele ya wachongaji na wapita njia, makamasi yakimtiririka, na hakuacha kusugua. Iliuma vibaya, na alishangaa kwamba ilikuwa inauma hivyo tangu mwanzo. Mama yake hakumnyamazisha.

Walipomaliza, pale palipokuwa na uso palikuwa laini kama jiwe la mtoni. Akech alifika, akainama kumtazama, akainuka.

"Lakini mama," alisema, "hana uso. Wageni watajuaje ni nani?"

Nzembi alikuwa akijipangusa vumbi la mbao mikononi. Hakuinua kichwa.

"Uso anao," alisema. "Mko nao huko kwenu, chini ya mawe."

Akech aliifungua leso yake kiunoni, akamfunika nayo Munyoki kuanzia kichwani, kisha akamwambia Ndete ashike upande wa miguu.