Taa za Nyabusenyi

Kemilembe alikuwa na kazi ambayo shangazi yake Prudencia, kule Mkolani jijini Mwanza, alishindwa kuwaeleza majirani. "Anawafundisha watu nyota," alikuwa akisema, na jirani akiuliza kama kweli mtu analipwa kwa jambo hilo, shangazi alicheka na kubadilisha mazungumzo. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila mwaka mvua zikikatika, Kemilembe alifunga begi lake akavuka ziwa mpaka hifadhi ya Kisiwa cha Irungwe, akakaa huko kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba. Mchana alifuta vumbi kwenye vioo vya darubini na kuandaa masomo ya wanafunzi waliokuja na shule zao. Giza likiingia, aliwakalisha wageni kwenye mikeka juu ya mwamba, akawaonyesha Nge aliyejikunja utosini, Msalaba wa Kusini ulioinamia maji, na ile Njia Nyeupe ya nyota ambayo mtu wa mjini anaweza kuzeeka bila kuiona.

Aliyempa kazi hiyo ni Obedi Kashindye. Kabla hajawa mkuu wa kitengo cha utalii hifadhini, Obedi alikuwa mwalimu wa fizikia, na Kemilembe alikaa dawati la mbele darasani kwake. Baba yake alipofariki, yeye akiwa kidato cha tatu, ndugu wa Bukoba walisema mtoto wa kike arudi nyumbani amsaidie mama yake shambani. Obedi alipanda meli akaenda kuzungumza nao. Alikaa kwao siku mbili, akala ndizi zao, akasikiliza kila mjomba mpaka mwisho, na siku ya tatu akarudi Mwanza na mwanafunzi wake. Kwa hiyo alipompigia simu miaka mingi baadaye akamwambia, "Kemi, nimepata darubini mbili na sina mtu wa kuzisemea," Kemilembe hakuuliza hata mshahara.

Mambo yaliharibika msimu wa tatu.

Mwaka huo hifadhi ilikuwa imeomba itambuliwe kimataifa kuwa mahali penye anga safi la giza. Mkaguzi angefika Agosti na kifaa chake cha kupimia mwanga. Tatizo lilikuwa ng'ambo, kilomita mbili tu kutoka kisiwani, kwenye mwalo wa Nyabusenyi, ufuo wanakoegesha mitumbwi wavuvi. Watu wa Nyabusenyi waliishi kwa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, tena wakati mwezi haupo, yaani siku zilezile ambazo nyota huonekana vizuri kuliko zote. Mitumbwi ilipotoka, taa za sola zaidi ya mia zilitanda juu ya maji, na upande wote ule wa mbingu ukafifia.

Obedi alimwita ofisini. "Nenda kazungumze nao," alisema. "Wakisogeza taa nyuma ya rasi wakati wa ukaguzi, tumemaliza. Mimi nikienda wataona sare. Wewe watakusikiliza."

"Na wao watapata nini, mwalimu?"

"Wageni wataletwa mwaloni kuona uvuvi wa dagaa. Watauza. Watajulikana."

Kemilembe alisita. Ukanda ule wa ufuo ulikuwa ndani ya mpaka wa hifadhi, na wavuvi waliutumia kwa kibali cha zamani. Kila miaka michache maneno ya kuwahamisha yaliibuka, kisha yakapoa. "Nikiwaambia hivyo," alisema, "nataka niwe na hakika kwamba hakuna mtu atakayewagusa."

Obedi alivua miwani akamtazama. "Kemi. Mimi nikudanganye wewe?"

Kemilembe aliona aibu kwamba ameuliza.

Mwaloni aliyesikilizwa alikuwa Evelina, mjane mwenye mitumbwi minne, mwanamke mfupi aliyeongea huku mikono yake ikiendelea kugeuza dagaa juu ya turubai. Kemilembe alimwamkia, akaitikiwa, akaeleza shida yake. Evelina alimsikiliza bila kuinua macho.

"Kwa hiyo wageni wenu wanataka giza," alisema mwishowe. "Na sisi tukizima taa, watoto wale nini? Nyota?"

Wanawake waliokuwa karibu walicheka. Kemilembe naye akacheka, akaomba arudi tena Jumapili.

Jumapili hiyo alivuka na darubini ndogo ndani ya boti, akaisimamisha mchangani jua lilipokuwa linazama. Mwezi ulikuwa mwembamba, wa siku nne. Evelina ndiye aliyeinama wa kwanza. Alikawia hapo mpaka waliopanga mstari nyuma yake wakaanza kulalamika.

"Una mashimo," alisema, bado jicho lake likiwa kwenye darubini. "Miaka yote hii unatufungia kazi, kumbe nao umechakaa namna hii."

Walimaliza saa mbili nzima wakipokezana. Kabla ya kuondoka, Evelina alimshika Kemilembe mkono akamvuta pembeni. "Mwanangu, nakuuliza kama mama yako. Tukifanya hili, hatutafukuzwa?"

"Hamtafukuzwa, mama."

"Unajua, au umeambiwa?"

"Anayenihakikishia ni mtu aliyenilea," Kemilembe alijibu, na kwake jibu hilo lilitosha kuliko muhuri wowote.

Wiki iliyofuata walifanya kikao rasmi. Watu sitini na watatu waliandika majina na kuweka saini au dole gumba kwenye karatasi ya mahudhurio. Makubaliano yalikuwa mepesi: mitumbwi ingevulia nyuma ya rasi, na kila taa ingefungwa kofia ya bati ili mwanga uende majini tu, usipande juu. Kemilembe alizipiga picha kurasa zote, akamtumia Obedi kwa simu. Obedi akamjibu papo hapo: "Safi sana binti yangu." Karatasi zenyewe alimkabidhi ofisini kesho yake.

Kofia zile zilikatwa kutoka kwenye madebe ya mafuta ya kupikia. Safari ya kuzunguka rasi iliongeza petroli, na siku nyingine mitumbwi ilirudi na ndoo chache. Walinung'unika, lakini walitimiza ahadi. Mkaguzi alipokuja, alisimama juu ya mwamba na kifaa chake, akasoma namba, akasoma tena. Ng'ambo kulikuwa kweusi. Kemilembe alitazama upande wa Nyabusenyi akajisikia fahari ambayo hajawahi kuisikia hata siku alipopata shahada.

Katikati ya Septemba, hifadhi ilifanya sherehe kwenye hoteli moja jijini Mwanza. Maombi yalikuwa yamekubaliwa. Kulikuwa na keki yenye picha ya nyota, na watu wa kampuni ya kujenga mahema ya kifahari, ambao Kemilembe hakuwafahamu, walikaa meza ya mbele pamoja na Obedi. Kila kiti kilikuwa na kitabu cha ripoti. Wakati wa hotuba Kemilembe alifungua chake, akitafuta picha zake za anga.

Mwishoni mwa kitabu alikuta kiambatisho. Juu kiliandikwa: *Ridhaa ya Wananchi wa Nyabusenyi Kuuachia Ufuo kwa Hiari*. Chini yake yalifuata majina sitini na matatu, saini zilezile, madole yaleyale, pamoja na doa la mafuta ambapo Evelina aliegemeza kidole. Ukurasa wa kwanza tu ndio uliobadilishwa. Na chini kabisa: *Mratibu wa uhamasishaji: Kemilembe Rwehumbiza*.

Alisoma mara tatu. Sauti ya mzungumzaji iliendelea, watu wakapiga makofi, naye akapiga pia, kwa sababu mikono haikujua cha kufanya.

Alimkuta Obedi kwenye korido, ametoka kupokea simu. Alimfungulia ule ukurasa. Obedi hakuigiza mshangao. Hilo ndilo lililomuumiza Kemilembe kwanza: kwamba hakujisumbua hata kushangaa.

"Tusizungumzie hapa," alisema.

"Hii ilikuwa karatasi ya mahudhurio."

"Kemi, wale watu wangehamishwa tu. Kama si mwaka huu, mwakani. Wenye mahema wanautaka ufuo ule, na bila wao hakuna fedha ya kuendesha hifadhi, hakuna darubini, hakuna kazi yako. Nimeona bora watoke kwa amani, kwenye karatasi, kuliko waje kutolewa kwa nguvu."

"Kwa hiyo uliponituma Juni, ulikuwa unajua?"

Obedi alitazama zulia. "Nilijua inaweza kufika huku."

"Nilikuuliza."

"Na mimi nikakuuliza kama naweza kukudanganya." Sauti yake ilikuwa ya upole, sauti ileile aliyoitumia mtu akikosea hesabu ubaoni. "Sikukujibu. Hebu kumbuka vizuri. Na Januari kuna nafasi ya kudumu, nimeshaandika jina lako. Nimekupigania tangu ukiwa mtoto, Kemi. Usilivuruge hili kwa hasira ya siku moja."

Ni kweli, hakuwa amejibu. Kemilembe alikumbuka miwani mkononi, yale macho, na jinsi alivyojijibia mwenyewe. Alitamani apige kelele. Badala yake aliomba radhi kwa mhudumu aliyekuwa anapita na sinia, akashuka ngazi, akaondoka na kitabu kwapani.

Kesho yake alipanda kivuko kwenda Kamanga, akashika gari la Sengerema, na kutoka hapo bodaboda mpaka ufuoni. Njia nzima alipanga maneno. Hayakumsaidia. Barua ilikuwa imemtangulia siku moja: siku thelathini, wahame, kama walivyoridhia wenyewe.

Hakuna aliyemtukana. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu waliinuka mmoja mmoja wakaenda kukaa mbali. Evelina alibaki kwenye turubai lake, barua imekunjwa juu ya mapaja.

"Mama, mimi sikujua."

"Najua hukujua," Evelina alisema. "Mtu anayejua hawezi kucheka vile ulivyocheka na sisi. Lakini nilikuuliza swali, mwanangu. Nilikuuliza unajua, au umeambiwa. Ungesema tu umeambiwa. Ningekuwa na la kuamua."

Kemilembe alipiga magoti mchangani. Evelina hakumwinua, wala hakumfukuza. Aliendelea kugeuza dagaa, kisha akasema, kama anayezungumza na ziwa, "Mwenyekiti wa kijiji anasema tutafute ile karatasi ya kwanza. Tutaitoa wapi? Wewe ndiye uliyeondoka nayo."

Hapo Kemilembe akakumbuka simu yake.

Picha zilikuwa bado zipo. Ukurasa wa kwanza ulisomeka waziwazi: *Mahudhurio ya kikao cha kusogeza taa*, tarehe, na yale makubaliano mawili. Chini yake palikuwa na jibu la Obedi, pamoja na saa aliyolituma. Akiitoa picha ile, angemfichua na Obedi. Alikaa nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, akamlilia mtu aliyekula ndizi za kwao siku mbili ili yeye asome. Si kwamba alilia kwa kuwa bado anaamua; alikuwa ameshaamua.

Wilaya iliunda kamati ya kusikiliza malalamiko, na kikao kikakaliwa Oktoba kwenye ukumbi mmoja mjini Sengerema. Karani alipopitisha karatasi ya mahudhurio, ilizunguka ukumbi mzima ikarudi tupu. Hakuna mtu wa Nyabusenyi aliyetia saini. Mwenyekiti wa kamati aliwatazama, akaelewa, akamwambia karani ahesabu vichwa.

Kemilembe aliposimama kutoa ushahidi, Obedi alikuwa safu ya pili, amevaa suti ya kijivu. Kemilembe alieleza yote tangu mwanzo, akaonyesha zile picha. Mjumbe mmoja akamuuliza nani alimtuma mwaloni.

"Mwalimu wangu," alisema.

"Tunahitaji jina, binti."

Akalitaja. Obedi alitikisa kichwa polepole, si kwa hasira, bali kwa masikitiko, kana kwamba yeye ndiye aliyesalitiwa. Na kwa muda mfupi, mbele ya watu wote wale, Kemilembe alijiona kweli ni msaliti. Hisia ile ilipita, lakini haikupita haraka.

Barua ya kuhama ilifutwa. Mwalo wa Nyabusenyi upo mpaka leo, ingawa zaidi ya kaya ishirini zilikuwa zimeshauza mitumbwi kwa bei ya hasara na kuondoka kabla ya uamuzi. Evelina naye aliuza miwili. Kofia za bati zilitolewa kwenye taa siku hiyohiyo, na hakuna aliyerudi kuvulia nyuma ya rasi. Kemilembe hawalaumu. Alikwenda kuwasalimu mara moja wakati wa Krismasi. Evelina alimpa mfuko wa dagaa wa kukaanga, akamuuliza habari za shangazi yake, akamsindikiza mpaka barabarani. Hakumwambia karibu tena.

Obedi alihamishiwa kituo kingine. Mkataba wa Kemilembe haukuandikwa upya, na nafasi ile ya Januari haikutangazwa kamwe.

Sasa anafundisha fizikia shule moja huko Mkolani. Wiki moja alikuwa anaeleza jinsi lenzi inavyokusanya mwanga, wanafunzi wakawa hawamwelewi, naye bila kufikiri akawaambia wawaze umati unaotoka uwanjani kwa lango moja jembamba. Darasa likaelewa mara moja. Ndipo akatambua kwamba mfano ule ni wa Obedi, neno kwa neno, mpaka ule mkono unaobana hewa. Alisimama na chaki. Akafuta ubao, akatafuta mfano mwingine wa kwake mwenyewe, akaukosa.

"Mwalimu, tuandike?" msichana wa dawati la mbele aliuliza.

"Andikeni," alisema.